Picha ya Kumaliza Shule, Bin Mahmoud

Kazi yangu ni kuwanyang'anya watu kamera. Naanza na hilo ili mtu asinishangae huko mbele. Mimi ni askari wa kike wa kampuni ya ulinzi hapa Doha, na zamu ninazoomba kuliko zote ni za harusi. Harusi ya wanawake wa hapa ni yao peke yao. Wakishaingia ukumbini wanavua mabuibui, na chini yake wamevaa nguo ambazo mwanamume wa nje hapaswi kuziona hata kwa picha. Basi mlangoni tunawekwa sisi, Wakenya na Waganda. Kila mgeni anatoa simu, naitia kwenye mfuko mdogo wenye nambari, nampa kibati chake. Anayekataa namsachi. Miaka saba nimefanya hivyo, na simu nimezipata hadi ndani ya soksi za watoto.

Anayeruhusiwa kuwa na kamera humo ndani ni mpiga picha wa kike aliyekodishwa na bibi harusi. Mmoja wao, Mlebanoni wa umri wangu, alikuwa akija kuvutia sigara karibu na meza yangu. Aliponunua kamera mpya aliniuzia ile ya zamani kwa bei ya jozi ya viatu vizuri. Aliniambia nisijisumbue na kile kijitabu chake, na kweli ningesumbuka bure, maana kilikuwa cha Kiingereza na mimi shule niliiacha darasa la saba. Alinionyesha kigurudumu cha juu chenye michoro. Ua ni la vitu vidogo, mlima ni wa mandhari, mtu anayekimbia ni wa michezo, na kichwa cha mwanamke ni cha picha ya uso. Kwa kichwa cha mwanamke, akasema, utakula mkate.

Miezi minne sikula kitu. Kamera ilikaa kwenye begi chini ya kitanda changu. Kisha nesi mmoja wa kanisani kwetu akanijia baada ya ibada.

Huyu nesi ni Mkenya, analea binti peke yake katika chumba kimoja na jiko huko mtaa wa Bin Mahmoud, juu ya duka la kushona. Binti alikuwa mwaka wa mwisho katika shule moja ya kulipa, na shule hiyo kila mwaka hutoa kitabu chenye picha ya kila mwanafunzi. Studio iliyokodishwa na shule inakuja siku moja, mzazi analipa, mtoto anapigwa. Asiyelipa, jina lake linaandikwa chini ya kiboksi cha kijivu chenye umbo la kichwa kisicho na uso. Binti wa nesi alikuwa ametokea hivyo miaka miwili mfululizo, kwa sababu ada ilikuwa ikimaliza kila kitu. Wenzake wakampachika jina, wakawa wanamwita Kivuli, kwa Kiingereza chao. Nesi aliniambia hayo akitazama pembeni. Mwaka huu wa kumaliza, shule ilikubali mtu alete picha yake mwenyewe, mradi ifike Alhamisi ya wiki ijayo kabla ya saa sita mchana. Isipofika, ni kijivu tena, na safari hii ndicho kitabu ambacho mtu anakaa nacho maisha.

"Dada," akaniambia, "nasikia una kamera."

Nilimwambia mimi ni mwanafunzi bado. Akasema hata yeye siku ya kwanza kumdunga mtu sindano alikuwa mwanafunzi, na huyo mtu hakufa.

Kabla sijaendelea lazima niseme habari ya mkono wangu, kwa sababu unahusika. Nilikuja Qatar kama mfanyakazi wa nyumbani. Aliyenileta ni mwanamke wa kwetu, aliyekuwa akikaa benchi moja na mama yangu kanisani. Huyo ndiye aliyejua nyumba niliyokuwa nikipelekwa ni ya namna gani, kwa maana aliyenitangulia alikuwa ameshampigia simu akilia. Nyumba yenyewe ilikuwa Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Madam wa nyumba hiyo alinisukuma kwenye ngazi nikiwa nimebeba zulia. Mwanawe mkubwa, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikuwa chini akiona, akaingia chumbani akafunga mlango. Hospitali nilipelekwa siku ya tisa, na madam akamwambia daktari nilianguka nikicheza na watoto. Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Mfupa ulikuwa umeshajishikia wenyewe, umepinda. Nilitoka katika nyumba hiyo siku moja ya kupeleka taka, nikapitiliza jaa, nikatembea hadi kituo cha petroli na sikurudi. Kiwiko changu cha kushoto hadi leo hakinyooki, na nikiinua kitu kizito kidogo mkono unatetemeka. Hao watatu nawataja hivi kwa sababu majina siwezi kuyaandika hapa. Wao wanajijua.

Kwa hiyo kamera siwezi kuishika ikatulia. Nilihitaji stendi ya miguu mitatu, na hiyo niliipata kwa Mfilipino aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Vitu vingine nilivikusanya nilivyoweza. Mlebanoni alikuwa na ngao kubwa inayong'aa ya kurudisha mwanga usoni, ghali sana. Mimi nilinunua ile karatasi ya rangi ya fedha ambayo madereva wanaiweka kwenye kioo cha mbele gari likisimama juani. Kazi ni ile ile. Nguo ya kuweka nyuma ilikuwa shuka ya kijivu ya kampuni. Mganda ninayelala naye chumba kimoja, ambaye anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli, aliipitisha kwenye mashine yao ya pasi hadi ikanyooka kama karatasi. Kona moja ilikuwa na muhuri wa nambari yangu ya kampuni. Hiyo tuliikunja.

Huyo Mganda ndiye niliyemfanyia majaribio. Nilimsimamisha ukutani, nikampiga picha kama kumi, tukaketi kitandani kuzitazama. Alizipitia zote mara mbili. Halafu akaniita bibie kwa Kiganda, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Nyabo, mimi nimeiba nini?"

Nilikasirika, lakini nilipotazama tena niliona. Kila picha alikuwa mzima, kutoka nywele hadi viatu, mikono wazi pembeni, uso umekufa, na ukuta mtupu kushoto na kulia. Ndivyo tunavyofundishwa kazini. Mtu akikamatwa na kitu, tunampiga picha ya ripoti. Simama mita mbili, onyesha viatu, onyesha mikono, usimruhusu acheke. Nimepiga picha za namna hiyo mamia kwa simu ya kampuni. Mkono wangu haukujua picha nyingine. Mlebanoni nilimtazama miaka yote hiyo, lakini nilimtazama kama askari anavyotazama. Niliona alikuwa amesimama wapi, sikuona alichokuwa akifanya.

Mganda alipopewa nafasi ya kusema hakuacha. Jioni yote kila aliyeingia chumbani alimwambia aje aone picha za mshukiwa. Nilimwomba anyamaze, akaniuliza kama anaruhusiwa wakili.

Ijumaa tuliamua kwenda kwenye bustani ya pwani, kwa sababu nesi alitaka maji yaonekane nyuma ya binti. Nilikosea hapo, na nilijua nakosea. Nilikuwa sijafika hata kukaza miguu ya stendi nikaona askari anakuja na redio yake. Alikuwa Mkenya, wa kampuni yetu, tuliyepanda naye basi moja la zamu mwaka mzima.

"Dada, hata wewe?" akasema. "Si wewe ndiye uliyetufundisha hiyo sheria?"

Ilikuwa kweli. Simu kwa mkono, ruhusa. Kamera kwenye stendi, lazima barua. Nilimwomba dakika kumi, akaniambia kamera za juu zinamwona, na supavaiza wake ni yule ninayemjua. Nilimjua. Ni yule aliyewahi kumkata mshahara wa siku mbili msichana aliyekaa chini akiwa na mimba. Nilikunja stendi. Binti alikuwa amejipaka mafuta, amesuka upya, amevaa blauzi nyeupe ya mamake. Alirudi kwenye kituo cha metro akitembea mbele yetu. Nesi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumapili hadi Alhamisi yuko zamu, na mimi pia. Iliyobaki ilikuwa Jumamosi tu.

Jumamosi tulipanda juu ya paa la jengo lao. Mlinzi wa jengo, mzee wa Bangladeshi, ndiye mwenye ufunguo. Hakutaka pesa. Alitaka na yeye apigwe picha moja akiwa amevaa miwani, ya kumtumia mkewe. Nilimpiga na akaipenda, kwa sababu yeye alitaka viatu vionekane.

Paa lilikuwa na matangi ya maji, madishi, na nguo za watu kwenye kamba. Shuka tuliifunga kati ya matangi mawili. Nilikuwa nimengoja hadi saa kumi na nusu, jua limeshuka nyuma ya jengo la jirani, mwanga umelegea. Nesi alishika ile karatasi ya gari kwa mikono miwili. Nilizungusha kigurudumu hadi kichwa cha mwanamke. Nikaanza.

"Simama hapo. Geuka kulia. Kidevu juu. Mikono nione."

Binti alifanya yote. Alikuwa mtoto wa kutii. Nikapiga picha thelathini hivi. Mama yake akamwambia atabasamu, akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la mtu anayengojea daktari wa meno. Nikamwambia ageuke tena, anyooshe shingo, arudishe mabega. Ndipo akasema, bila kunitazama:

"Anti, simu nimeiacha chini. Hata ukinisachi hutapata kitu."

Nesi alicheka hadi karatasi ikamponyoka, ikapeperuka hadi kwenye nguo za watu. Mimi sikucheka. Nilijiona nilivyosimama, miguu imepanuka, mgongo umenyooka, mita mbili. Hata sauti ilikuwa ya mlangoni. Nilimwambia nesi aende akaichukue karatasi yake polepole. Kisha nikafanya kitu ambacho askari hafanyi akiwa kazini, nikaketi. Kulikuwa na debe la rangi lililokauka, nikalikalia. Binti nikampa kiti cha plastiki cha mlinzi. Nikashusha miguu ya stendi na kuisogeza mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, na nikatoa jicho langu kwenye kamera. Kidole tu ndicho nilichoacha kwenye kitufe.

Mimi si mtu wa mazungumzo. Ni yeye aliyeuliza.

"Mkono ulifanya nini?"

Watu wazima huwa hawaniulizi. Nesi mwenyewe, ambaye kazi yake ni mifupa ya watu, hajawahi kuuliza. Nilimweleza binti kama nilivyoeleza hapa, bila kuongeza. Zulia, ngazi, mtoto wa madam na mlango wake, siku tisa. Hakusema pole. Alikunja uso kidogo akafikiri.

"Na huyo madam bado yuko huko?"

"Yuko. Umm Salal, nyumba ya geti la kijani."

"Anaitwa nani?"

Nilimwambia. Nilitaja jina lake lote, la kwake, la baba yake na la ukoo. Sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu siku niliyoandikisha maelezo. Binti akalirudia polepole, moja moja, kama mtu anayelikariri ili asilisahau, na hapo akaniangalia sawasawa. Nikabonyeza.

Niliendelea kubonyeza. Aliuliza jina la yule mwanamke wa benchi la kanisa, nikalitaja. La yule mwana wa madam mwenye ndevu. La mtu wa ofisi ya kazi aliyenirudisha mara tatu na karatasi zangu za malalamiko. Mama yake alikuwa amesharudi, amesimama na karatasi yake, mwanga unaingia vizuri usoni kwa mwanawe. Binti alisema angekuwa na gari angepita pale getini akapiga honi mpaka waamke wote. Mimi nikasema kwa leseni ipi. Akacheka, lakini si kile kicheko cha picha. Kisha jua likaisha na mlinzi akataka ufunguo wake.

Jumatano, kati ya zamu yangu ya asubuhi na ya jioni, tulikutana na nesi kwenye ukumbi wa kungojea wa kliniki yake, kuchagua. Alipitia zote kwenye simu yake. Alipenda moja ya zile za mwanzo, binti amesimama anatabasamu, blauzi imenyooka. Zile za debe hakuzitaka.

"Hapa amekasirika," akasema. "Watu watasema ni mtoto mkali."

Nilimwambia hajakasirika, anasikiliza. Nesi akaniambia mimi sina mtoto, sijui picha ya kupeleka shuleni inavyokuwa. Ni kweli sina; miaka ya kuzaa iliniishia katika mambo ya mkono huu, na waliosababisha nimeshawataja.

Tukajaribu kuituma aliyoichagua kupitia ukurasa wa shule, ikakataliwa. Tukajaribu tena, ikakataliwa. Nesi akasoma maelezo, na ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Shule ilitaka picha iliyosimama, ndefu kwenda juu, kichwa na mabega tu. Picha zangu zote, zaidi ya mia, zilikuwa zimelala, pana kwenda pembeni. Picha ya ripoti lazima ilale ili pande zote zionekane, na mimi nilikuwa nimeifunga kamera kwenye stendi kama ninavyoshika simu ya kampuni. Maelezo hayo nesi alinisomea kanisani siku ile ya kwanza, nikaitikia ndiyo, ndiyo. Yalinipita.

Sikuwa na siku nyingine. Nesi alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Tulianza kukata. Lile tabasamu nesi alilolipenda, tulipolikata kubaki kichwa na mabega, likawa dogo. Nilikuwa nimesimama mbali mno, viatu vinaonekana, uso ni kama ukucha. Lilipokuzwa likawa ukungu. Ukurasa wa shule ukasema ni ndogo, haifai. Tukakata nyingine ambayo binti amesimama, vile vile. Zote za kusimama zilikwenda hivyo, moja baada ya nyingine, na saa ya nesi ya mapumziko ikawa inaisha. Za debe, kwa kuwa nilikuwa nimemkaribia, zilikatika na bado uso ukajaa, kope unaziona, nywele za mbele zilizokataa kusukwa unaziona. Nesi aliitazama ile moja, binti akiwa ametoka kulirudia jina, mdomo umefumba, macho yamenifikia mimi.

"Kwani ulimwambia nini hapa?" akauliza, ingawa alikuwepo.

Alimpigia binti shuleni wakati wa mapumziko yao, akamtumia mbili, zote za debe, achague mwenyewe. Jibu lilikuja kabla hatujasimama. Alichagua ile ile. Nesi akaguna, akabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, kisha ukaandika kwamba imepokelewa. Akaangalia saa, akarudi kwa wagonjwa wake bila kuniaga vizuri, na mimi nikakimbilia basi la zamu.

Kitabu kilitoka mwishoni mwa muhula. Nesi alikileta kanisani kwenye mfuko wa nguo, akanikalisha nje kwenye kivuli cha ukuta, akanifungulia. Nilimwona binti pale, kati ya Mhindi mmoja na Msudani mmoja. Ana uso. Picha ni ndogo kuliko nilivyofikiria, kama kibiriti. Wengine wote katika ukurasa wanatabasamu kwa namna moja, shingo zimeinama upande mmoja, maana studio huwainamisha. Yeye anakutazama. Nesi alisema mwalimu wa darasa amemwambia ndiyo picha pekee katika kitabu ambayo unahisi mtu yumo. Alisema hivyo kama anayelalamika, lakini aliniachia kitabu nikishike ibada nzima. Binti mwenyewe alikuwa ndani na waimbaji. Nilimuuliza baadaye kama wale wenzake bado wanamwita lile jina. Akasema wameacha, sasa wanamwita Polisi.

Nilipokuwa nikipekua nilifika ukurasa wa mwisho, wa shukrani, nikamwomba nesi anisomee. Wanamshukuru mkuu wa shule, wanashukuru wazazi, wanashukuru mpishi. Kisha wanaishukuru studio, jina lake limeandikwa kwa herufi nene, kwa picha zote zilizomo katika kitabu hiki.

Zote si kweli. Nilimuuliza nesi ni nani aliyeandika ukurasa huo, akasema ni mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha juu, na bila shaka hakujua. Huenda hakujua. Lakini hakuuliza, na namwandika hapa pamoja na wengine. Ukurasa wa wanaomaliza, safu ya tatu kutoka juu, picha ya pili kutoka kushoto, si ya studio. Hiyo ni yangu.